Inkscape kwenye kuunganisha na kukata maumbo: iko vizuri sana, ila angalia nodi zako

Wakuu habari, leo naongelea Inkscape, ila sio yote maana hiyo ni stori ndefu, naongelea sehemu moja tu ambayo kwangu ndo inaamua kama programu ya vekta (michoro inayojengwa kwa mistari na maumbo, sio kwa vidoti vya rangi kama picha) inafaa au haifai, yaani pale unapochukua maumbo mawili matatu ukayaunganisha, ukayakata, ukatoboa tundu, halafu ukaingia ndani kurekebisha kilichotoka. Logo nyingi, aikoni nyingi, stika nyingi, hata zile zinazoonekana ngumu, ukizichambua unakuta ni duara, mstatili na pembetatu zilizojumlishwa na kutolewa. Kwa hiyo programu ikiwa mbovu hapo, hata iwe na brashi mia na rangi za kumetameta, haikusaidii kitu.

Kwa ambao hawaijui, Inkscape ni programu huria, unaishusha bure, inakaa kwenye Windows, Linux na macOS, na faili lake la asili ni SVG, ambalo ni muundo unaofunguka kwenye kivinjari chochote. Ilianza 2003 ikitokea kwenye programu nyingine ya zamani inaitwa Sodipodi, toleo la 1.0 likaja kutoka 2020, na lile lililobadilisha mchezo kwenye hii mada yetu ni 1.3 la 2023, nitaeleza kwa nini. Menyu nitaziandika kama zinavyosomeka kwenye programu yenyewe ili ukifungua uzione pale pale.

Tuanze na zile amri za kawaida. Ukifungua menyu ya Path unakutana na Union, Difference, Intersection, Exclusion, Division na Cut Path. Union inajumlisha, maumbo yote yanakuwa mwili mmoja na mistari ya ndani inapotea. Difference inatoa, umbo la juu linalikata la chini na kuondoka nalo. Intersection inabakiza pale tu yalipopandana. Exclusion ni kinyume chake, inabakiza kila kitu isipokuwa pale yalipopandana. Division inalipasua umbo la chini vipande viwili au zaidi kwa kufuata mpaka wa lile la juu na vipande vyote unabaki navyo. Cut Path inakata mstari wa nje tu, rangi ya ndani inaondoka, unabaki na mistari iliyo wazi. Kinachonifurahisha ni vitufe vyake vya mkato, wamevipanga kama hesabu za shule ya msingi: Ctrl na alama ya kujumlisha ni Union, Ctrl na kutoa ni Difference, Ctrl na nyota ya kuzidisha ni Intersection, Ctrl na mkwaju wa kugawanya ni Division. Ukishaelewa hiyo huna haja ya kukariri. Shida ndogo ni laptop zisizo na zile namba za pembeni, hapo kujumlisha na nyota unalazimika kushika na Shift, vidole vinajikunja, ila ukiingia Preferences sehemu ya kibodi unabadilisha utakavyo. Mi nilibadilisha Union tu, nyingine nimeziacha.

Sasa kuna sheria moja ambayo usipoijua utasema programu imechanganyikiwa. Mpangilio wa juu na chini ndo unaoamua kila kitu. Kwenye Difference la juu ndo kisu, la chini ndo linalokatwa, haijalishi ulichagua lipi kwanza. Na matokeo yote, iwe Union iwe nini, yanachukua rangi na mtindo wa lile la chini kabisa. Kwa hiyo unajumlisha duara jekundu juu ya mstatili wa bluu, linatoka umbo zima la bluu, mtu anashangaa nyekundu imeenda wapi. Haijaenda popote, ndo utaratibu, ukitaka nyekundu shusha duara chini kwanza kwa kitufe cha End halafu ndo ujumlishe. Na kama una visu vingi, mfano matundu sita ya kutoboa kwenye sahani moja, yaunganishe kwanza yawe kitu kimoja halafu ndo utoe mara moja. Inakuwa safi na huna wasiwasi lipi liko juu ya lipi.

Ngoja nioneshe kwa karibu kidogo maana hapa ndo penye utamu. Chora duara moja, kitufe cha Ctrl kikiwa kimeshikwa ili liwe duara kweli na sio yai. Lirudufishe kwa Ctrl+D, lisogeze kulia mpaka ukingo wake wa kushoto uguse katikati ya lile la kwanza. Chagua yote mawili, Ctrl na kutoa. Unapata mwezi mwandamo. Sasa kabla hujafurahi angalia chini kabisa ya dirisha, kwenye ule ukanda wa taarifa, Inkscape inakuandikia hii njia (path, yaani mstari unaounda umbo) ina nodi ngapi, nodi ni zile nukta zinazoshikilia mstari. Duara likishakuwa njia lina nodi 4, juu, chini, kushoto na kulia. Kwenye mwezi wetu, duara la kwanza limebakiwa na 3 kwa sababu ya kulia imekatwa, duara la pili limechangia 1 ile ya kushoto iliyoingia ndani, na ncha mbili za mwezi pale mistari ilipokutana, jumla 6. Hiyo ndo hesabu ya haki. Ukikuta 6 nenda zako. Ukikuta zaidi, kuna nodi za ziada zimejibandika mahali, vuta karibu uzitafute.

Na hapa ndo penye hoja yangu kuu kuhusu hii programu. Hizi amri zinafanya kazi, umbo linatoka sawa kwa macho, lakini kwenye michoro yenye mikunjo mingi Union na Difference huwa zinaacha nodi za ziada hapa na pale, hasa pale mikunjo miwili ilipogusana kwa kusugua badala ya kukatana wazi wazi. Ukichapisha kwenye karatasi hutaona tofauti. Lakini ukipeleka faili kwenye mashine ya kukata stika, au leza, au ukitaka baadae kuvuta mkunjo uwe mpana, zile nodi zinakuumbua, mkunjo unapiga nundu, kisu cha mashine kinasitasita. Kwa hiyo mtu anayesema kuunganisha maumbo ni kubonyeza tu, huyo ameishia nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuingia na kifaa cha nodi na kusafisha.

Habari njema ni kwamba kifaa cha nodi cha Inkscape ni kizuri mno, kwa maoni yangu ndo kitu bora kuliko vyote humu ndani. Bonyeza N unakuwa umekishika. Nodi zenyewe zinakuambia tabia zao kwa sura, ya almasi ni kona kali, ya mraba ni laini, ya mviringo inajilainisha yenyewe ukiisogeza. Unabadilisha kwa Shift+C kwa kona, Shift+S kwa laini, Shift+Y kwa mikono (vile vishikio vya pembeni ya nodi vinavyopinda mstari) inayolingana pande zote mbili, Shift+A kwa ile ya kujiendesha. Ukifuta nodi kwa Delete, Inkscape inajitahidi kulinda umbo, yaani inarekebisha mikono ya nodi za jirani ili mkunjo ukae karibu na ulivyokuwa. Ukifuta kwa Ctrl+Delete haijali, inaunganisha kwa mikono iliyopo. Mi natumia zote mbili, ya kwanza kwa zile nodi za ziada nilizosema, ya pili nikitaka kufuta nundu kabisa. Unaweza kuvuta mkunjo wenyewe kwa mausi bila kushika nodi yoyote. Unaweza kudabo-kliki popote kwenye mstari ukazaa nodi mpya. Unaweza kuchagua nodi za njia mbili tofauti kwa pamoja na kuzipanga mstari mmoja kwa dirisha la Align and Distribute, kitu ambacho watu wengi hawajui kabisa, wanadhani lile dirisha ni la maumbo mazima tu.

Na ukishika Alt ukavuta nodi moja wakati umechagua nyingi, zile nyingine zinafuata kwa kupungua taratibu kadri zilivyo mbali, kama unavuta kitambaa kwa vidole viwili. Kwa michoro ya mimea na nywele hiyo ni dhahabu. Angalizo kwa watu wa Linux, mazingira mengine ya dawati yameshaichukua Alt kwa kazi ya kusogeza madirisha, unaizima kwenye mipangilio ya mfumo ndo inafanya kazi.

Kuna Simplify pia, Ctrl+L, hiyo inapunguza nodi yenyewe kwa mkupuo. Watu wanaipenda kwa sababu ni ya haraka, mi naitumia kwa tahadhari kubwa. Ukiibonyeza mara nyingi kwa kufuatana haraka haraka inaongeza ukali kila mara, kwa hiyo ukipiga mara tatu bila kupumua umbo linayeyuka, kona zako kali zinakuwa viazi. Ukipumzika kidogo katikati inarudi kwenye ukali wake wa kawaida. Inafaa kwa mchoro wa mkono huru au picha uliyoifuatisha kwa Trace Bitmap ikakuletea manodi kama mchanga. Kwa logo ya jiometri usiiguse, safisha kwa mkono.

Sasa twende kwenye Combine, maana hapa ndo watu wengi wanapotea na sio kosa lao, jina linafanana na Union kimaana. Combine ni Ctrl+K, na haiunganishi chochote kwa maana ya kuyeyusha mipaka. Inachofanya ni kuziweka njia mbili ndani ya kitu kimoja, kila moja ikiwa na mstari wake kamili. Zikiwa zimepandana, pale kati panaweza kuwa tundu au pakajaa, inategemea kanuni ya kujaza rangi, zile aikoni mbili ndogo upande wa kulia juu kwenye dirisha la Fill and Stroke. Kanuni moja inasema popote palipopandana mara mbili ni tundu. Nyingine inaangalia mwelekeo wa mstari, kama njia zote zimezunguka upande mmoja panajaa, ukiigeuza moja kwa Path kisha Reverse panakuwa tundu. Herufi O kwenye fonti inajengwa kwa utaratibu huo huo, mduara wa nje na wa ndani, njia mbili kitu kimoja.

Kwa hiyo Combine ina kazi yake halali, unapotaka tundu ndani ya umbo ambalo halijagusa ukingo, inakupa tundu bila kuongeza nodi hata moja, safi kuliko Difference. Duara kubwa, duara dogo katikati, Ctrl+K, umepata pete yenye nodi 8 kamili. Ukitaka kuachanisha, Break Apart, Ctrl+Shift+K, zinarudi mbili. Shida inakuja mtu anapotumia Combine mahali pa Union halafu anapeleka faili kwenye mashine ya kukata. Kwenye skrini, ukiwa umechagua kanuni ile ya pili, umbo linaonekana moja zuri limejaa rangi. Mashine haioni rangi, inaona mistari, na mistari ya ndani bado ipo, kwa hiyo inakata kote na stika inatoka vipande. Ukitaka kuwa na uhakika kabla ya kutuma, nenda View, Display Mode, chagua Outline. Rangi zote zinapotea unabaki na mifupa. Ukiona mistari inakatiza ndani ya umbo, hujaunganisha, umefungasha tu. Hii ya Outline ningependa kila anayefanya stika aizoee kabla ya kitu kingine chochote.

Kitu kingine kinachofanana na hicho ni stroki, yaani unene wa mstari wa nje. Amri zote za kujumlisha na kutoa zinaangalia njia yenyewe, ule uzi mwembamba wa katikati, unene haziujui. Umechora aikoni ya glasi ya kukuzia kwa duara lenye stroki nene na mstari mnene kwa mpini, ukipiga Union unapata kituko. Lazima kwanza upitie Stroke to Path, Ctrl+Alt+C, unene unageuka kuwa umbo halisi lenye mpaka wa nje na wa ndani, halafu ndo ujumlishe. Na kama kitu kilikuwa na rangi ya ndani pamoja na stroki, kitatoka kundi la vitu viwili, kimoja cha rangi kimoja cha mstari, kwa hiyo vunja kundi kwa Ctrl+Shift+G kabla ya kuendelea. Maandishi vile vile, kuna Object to Path, Ctrl+Shift+C, kila herufi inakuwa njia ndani ya kundi, na kuanzia hapo huwezi tena kusahihisha herufi iliyokosewa. Kwa hiyo jirudufishie maandishi yako, weka nakala kwenye leya (tabaka la mchoro) iliyofichwa, funga kufuli, ndo uendelee. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu hizi amri za kawaida ni za kuharibu, zikishapita mstatili haukumbuki tena kwamba ulikuwa mstatili wenye kona za mviringo unazoweza kubadili, nyota haikumbuki ilikuwa na ncha ngapi. Ni njia tu.

Haya sasa Shape Builder. Hiki ndo kilikuja na 1.3 na ndo sababu nikamwambia kila ninayemjua aache matoleo ya zamani. Adobe Illustrator, programu nyingine ya vekta, wanacho kifaa cha jina hilo hilo tangu 2010 na watu waliokizoea walikuwa wanakataa kuhamia Inkscape kwa sababu hiyo tu. Sasa kipo. Unapanga maumbo yako yapandane unavyotaka, unayachagua yote, unabonyeza X. Skrini inafifia, maumbo yako yanabaki yakiwa yamegawanywa kila eneo peke yake, kila mahali mistari ilipokatana pamezaliwa kipande. Unaburuta mausi kupita kwenye vipande unavyotaka viwe kimoja, vinaungana. Unashika Shift unaburuta kwenye usivyovitaka, vinafutika. Ukimaliza Enter, ukighairi Esc.

Uzuri wake ni kwamba huhitaji kufikiria lipi liko juu lipi liko chini, wala kupanga mpangilio wa amri. Chukua mfano wa ufunguo. Kwa njia ya zamani unajumlisha kichwa na shina, unajumlisha meno, unatoa tundu, unatoa pengo kati ya meno, kila hatua uangalie mpangilio. Kwa Shape Builder unaweka maduara na mistatili yote mahali pake, X, buruta mara moja kupita kichwa, shina na meno, Shift kwenye tundu na kwenye vibaki, Enter. Kwa mtu anayefikiri kwa macho, hii ndo namna inayofanana na kuchora kwenye karatasi halafu kufuta mistari usiyoitaka. Na kwa logo zile za kujengwa kwa maduara mengi yaliyopandana hakuna kinachoifikia.

Ila nina mawili ya kusema kuhusu Shape Builder. La kwanza, ukiwa na maumbo mengi yenye nodi nyingi, vipande vinakuwa vingi na vingine ni vidogo kama unyoya, huvioni mpaka uvute karibu, ukiviruka vinabaki kama vipande vilivyojitenga kwenye mchoro wako. Kwa hiyo ukishapiga Enter pita tena na Outline kuangalia mabaki. La pili, ile shida ya nodi za ziada bado iko pale pale, kifaa kimerahisisha kuchagua, hakijakuondolea usafi. Dawa ya yote mawili iko mwanzoni kabisa kabla hujaunganisha: washa snapping (inayofanya maumbo yanase yenyewe kwenye nodi na kingo za mengine), panga maumbo yakutane kwenye nodi kamili au yapandane kwa wazi, usiache yagusane kwa bahati. Mistari miwili inayokaribia kulingana lakini haijalingana ndo mama wa matatizo yote kwenye kuunganisha, programu inapata mapengo membamba kuliko unywele na inayaheshimu kama umeyachora kwa makusudi. Kwa hiyo kitufe cha snapping hakikisha kimewaka, alama ya asilimia kwenye kibodi inakiwasha na kukizima.

Humo humo kwenye menyu ya Path kuna Fracture na Flatten, hazisemwi sana. Fracture inapasua kila kitu kilichochaguliwa kwenye vipande visivyopandana, Flatten inaondoa sehemu zilizofichwa chini ya nyingine na kuacha zinazoonekana tu. Kwa watu wa kukata vinili za rangi tofauti tofauti Flatten inaokoa muda kweli kweli.

Kwa ambao hawataki kuharibu maumbo ya asili, kuna dirisha la Path Effects na ndani yake efekti ya Boolean operation, ndo jina la kitaalamu la hizi kujumlisha na kutoa maumbo. Unakopi umbo moja, unachagua la pili, unaweka efekti, unaliunganisha na lile lililo kwenye ubao wa kunakili, unachagua kama ni kujumlisha au kutoa. Ukisogeza kisu baadae, tundu linasogea. Nzuri sana kwa kazi ambayo mteja hajaamua. Ila kusema ukweli namna ya kuiweka ni ya kuzunguka, programu nyingine kama Affinity Designer na hiyo Illustrator unashika tu Alt wakati unabonyeza amri ya kawaida na umbo linabaki hai, basi. Hapo Inkscape iko nyuma na natamani siku moja waweke kitu rahisi hivyo. Kwa anayeifanya kazi hii ya maumbo hai kutwa nzima, hiyo tofauti ni kubwa na simlaumu akibaki alipo.

Efekti ya Corners nayo siwezi kuiacha. Umeshaunganisha, umeshasafisha, sasa unataka kona fulani ziwe za mviringo na nyingine zibaki kali. Unaweka Corners, unarudi kwenye kifaa cha nodi, kila kona inapata kishikio kidogo, unavuta unaona mviringo unaongezeka, kona moja moja au ulizochagua. Inabaki hai, unaweza kurudi kesho ukapunguza. Hapa ndo unapoona kwa nini nasisitiza nodi safi, kwa sababu kama pembeni ya kona kuna nodi ya ziada imejificha, mviringo unakwama pale pale, hauwezi kuivuka, na utavuta mpaka uchoke. Ukiifuta ile nodi kona inafunguka. Na usiweke Corners mapema, ukipiga Union tena juu yake ile efekti inagandishwa, kona zinakuwa njia ya kawaida na vishikio vinaondoka. Mpangilio wangu ni huo: unganisha, safisha, ndo uzungushe kona.

Inset na Outset nitazipitia haraka, ni za kusinyaza na kutanua umbo kwa pande zote, zinafaa kwa ule ukingo mweupe wa stika, ila tumia Dynamic Offset, Ctrl+J, maana hiyo unavuta kwa kishikio na unaona, zile mbili unabonyeza kwa kubahatisha.

Kuhusu spidi, kwa maumbo ya kawaida ya logo hata kompyuta ya kawaida inaenda vizuri. Ukileta mchoro uliofuatishwa kutoka kwenye picha wenye nodi elfu kadhaa halafu ukapiga Union kwa vyote, jiandae kusubiri, na seva faili kabla. Kwa kazi kama hizo gawanya, unganisha kwa mafungu.

Nani aichukue? Anayejifunza vekta, anayefanya stika na leza, mwalimu, mtu wa aikoni za tovuti kwa sababu SVG ndo nyumbani kwake, na yeyote anayependa kuwa na mamlaka juu ya kila nodi, aichukue leo bila kujiuliza mara mbili. Anayetoa kazi za kuchapishwa zenye rangi za CMYK (zile wino nne za uchapishaji) kila siku ajue kwamba upande huo Inkscape sio mahali pake pa nguvu, atahitaji programu nyingine mwishoni mwa safari. Kwa kuunganisha na kukata peke yake mi naipa nne na nusu kati ya tano, ile nusu nimeikata kwa nodi za ziada na kwa ile efekti ya Boolean ambayo kuiweka ni mzunguko mrefu.

Ukimaliza kazi, seva nakala mbili, moja Inkscape SVG ambayo inatunza efekti zako hai na leya zako, nyingine Plain SVG ya kumpa mteja au kupeleka kwenye mashine, na kwenye hiyo ya pili hakikisha stroki zote zimeshageuzwa njia na maandishi yote yameshakuwa maumbo kabla ya kuituma.